Viboko Niliowaona Bila Baba

Wiki nzima kabla ya ile safari sikulala vizuri, kwa sababu ya swali ambalo ningeona haya kumwuliza mtu yeyote. Nikimwona kiboko kabla baba hajanionesha mwenyewe, je, nitakuwa nimemwambia kwamba nimechoka kumngoja?

Najua linavyosikika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na dipulome ya utalii niliyoifunga kwa plastiki mbili ili unyevu usiiharibu, na sikuwa nimewahi kumwona mnyama wa porini mkubwa kuliko nyani. Nilisomea kupokea wageni wanaokuja kuangalia wanyama, katika darasa ambalo dirisha lake lilitazama volkano, na hifadhi yenyewe ilianzia chini ya volkano hiyo hiyo. Katika mtihani wa mwisho niliandika kurasa nane juu ya tembo wa Rwindi, nyika iliyo ndani ya hifadhi hiyo. Nilipata alama nzuri. Hao tembo niliwajua kwa maneno ya baba peke yake.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua tilapia Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward, akazipakia kwenye lori na kuzileta Goma kwa barabara inayopita katikati ya hifadhi. Mama alikaa nasi mjini kwa ajili ya shule, mimi na dada yangu mkubwa. Baba alikaa huko Vitshumbi, akija mara moja au mbili kwa mwezi. Alipofika, kabla hajavua viatu, tulimzunguka atupe habari za viboko. Alisema Vitshumbi viboko hutoka majini jioni na kupita kati ya nyumba polepole, kama watu wanaorudi kazini, na hakuna anayepiga kelele. Mtu husimama kando, anawaacha wapite, halafu anaendelea kupepeta mchele wake.

"Kiboko wa kwanza, mimi njo nitakuonesha," aliniambia. "Usikubali mutu mwingine akuoneshe."

Nilikubali. Nilikuwa na miaka saba, na sikujua kwamba kukubali vile kunaweza kuchukua miaka mingi. Mwaka mmoja kulikuwa na mitihani. Mwaka mwingine barabara haikuwa salama. Halafu mama aliugua, akafariki, baba akaja mazishini na kurudi baada ya wiki moja kwa sababu samaki hawangojei msiba. Halafu vita vikaifunga barabara kabisa, na tangu hapo baba akawa sauti ya kila Jumapili baada ya misa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu sijamwona uso.

Kazi niliipata, au karibu niipate, kwa mama mmoja mwenye ajansi ndogo ya safari ambaye wote tulimwita Patroni. Zamani alipeleka wageni volkanoni. Wageni walipoacha kuja, alianza kuwavusha watu wa Goma wenyewe hadi Rwanda, kwenye hifadhi ya Akagera, siku tatu, kikundi kimoja ndani ya gari moja. Alinichukua kwa majaribio. Nilitakiwa niende na kikundi, niangalie kila kitu, kisha niandike karatasi ya kuwapa wateja: mambo gani wayatarajie.

"Siyo roman, kitabu ya hadithi," alinionya. "Mutu asome, ajue kintu ya kubeba na kintu ya kuogopa, aache kunipigia simu kila saa."

Jumapili nilimweleza baba. Nilikuwa nimejiandalia namna tatu za kusema, na nikasahau zote.

"Papa, kazini wananituma Rwanda kuangalia banyama."

"Ah! Njo muzuri ile."

"Kuko viboko, Papa."

Nilisikia honi ya pikipiki upande wake, na kwaya mahali fulani.

"Bon," alisema. "Uende, mama." Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Uende uangalie. Bale ba kule na ba huku ni bamoja tu."

"Na ba kwako? Bako?"

"Bako! Jana kiboko moja alipita hapa ku mulango, akamaliza mboga yote ya jirani. Jirani analia mpaka leo." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Usivae nguo ya bleu, unasikia? Wala nyeusi. Mbung'o zinapenda ile rangi. Zitakumaliza."

Niliandika hilo kwenye daftari: *bleu hapana*. Huo ulikuwa mstari wa kwanza wa karatasi ya Patroni.

Tulivuka mpaka siku ya Ijumaa asubuhi, watu kumi na wawili na dereva, Patroni akiwa kiti cha mbele na pasipoti zetu zote ndani ya mfuko mmoja. Mtu wa Goma akienda kuonana na wanyama huvaa kama anaenda harusini, na hilo nililiandika pia. Kulikuwa na wanaume wawili wenye makoti. Kulikuwa na ndugu watatu walioshona liputa, yaani kitenge, la aina moja. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mfanyabiashara wa nguo wa Birere, mtaa wa Goma wa watu wasioogopa kitu, mwenye viatu vyeupe vya kisigino na liputa la bleu, bleu kabisa, kama anga la kiangazi.

"Mama," nilimwambia, "kuko inzi zinaitwa mbung'o..."

"Inzi?" alisema. "Mutoto wangu, mimi ni wa Birere."

Njia ya kwenda Akagera ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Ni siku nzima ya vilima na kona, na watu hula tangu kilomita ya kwanza. Tulikuwa na sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kutoka soko la Kituku ndani ya ndoo yenye kifuniko, shikwange za muhogo, mayai, soda za moto. Ilipofika mchana gari lote lilinuka dagaa, na nilijiuliza kama wanyama watatusikia harufu wakimbie. Nilimwuliza dereva. Alinitazama kwenye kioo, akafungua dirisha lake. Tulilala karibu na hifadhi, katika nyumba ya wageni yenye neti zilizotoboka, na alfajiri ya Jumamosi tukaingia.

Nitasema nilichoandika kwenye daftari, kwa sababu ni kweli na kinaweza kumsaidia mtu. Swala wa kwanza atapigwa picha mia. Swala wa hamsini, hakuna atakayegeuza shingo. Watu watagombania dirisha. Ni afadhali kiongozi apange zamu tangu mwanzo. Kutakuwa na saa nzima ya majani matupu, na katika saa hiyo mtu mmoja atasema amedanganywa, mwingine atasinzia, na wa tatu atamwona tembo ambaye ni kichuguu. Ukiomba kushuka ujisaidie, utaambiwa ungoje. Kunywa kidogo.

Na mbung'o watakuja. Walimfuata mama wa Birere peke yake, kama aliwapa miadi. Alijipiga mapajani, mabegani, akawaita mababu zake wote, na mwishowe akavua liputa la juu na kulikalia.

"Ulisema inzi," alinilaumu. "Hukusema ni madaktari bako na sindano."

Pundamilia walipotokea alisema ni punda waliovaa jezi ya timu. Kiongozi wetu, kijana wa pale aliyezungumza Kiswahili kwa upole kama mwalimu wa katekisimu, alicheka mpaka akashusha darubini. Halafu tukakuta twiga, wanne, wamesimama bila haraka, vichwa juu ya miti, na mama wa Birere akasema, "Huyu, akinyoosha shingo vizuri, anaona mpaka kwetu."

Hakuna aliyecheka sana. Sote tulitazama upande ambao twiga alitazama, na haukuwa upande wa kwetu.

Mimi nilikuwa nawangoja viboko. Nilikuwa nimejipangia kwamba gari likifika kwenye maji nitafumba macho, au nitashughulika na daftari, au nitamwambia Patroni naumwa kichwa. Nilikuwa pia nimejipangia kinyume chake. Asubuhi ile ilikuwa imeshapita, na bado sikujua.

Mchana tulifika kwenye ziwa moja ambapo watu huruhusiwa kushuka. Kiongozi alitupanga juu ya ukingo, mbali kidogo. "Msisimame kati ya kiboko na maji," alisema. "Na mseme polepole." Nilishuka wa mwisho. Nilitazama viatu vyangu, kisha majani, kisha maji, na katika maji kulikuwa na mawe mengi meusi, na jiwe moja likatikisa masikio.

Nilidhani nitalia au nitacheka. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba baba alikuwa amesema kweli. Miaka yote ile nilimsadiki, lakini nilimsadiki kama mtu anavyosadiki hadithi za nyumbani. Sasa kiboko mmoja alifungua kinywa, rangi ya waridi ndani, akakifunga polepole jinsi baba alivyotuonesha kwa viganja viwili mezani, kidole gumba kikitokeza kama jino. Nilitamani baba awe pale. Nilitaka asimame upande wangu wa kushoto, akinuka moshi wa samaki, aseme maneno yake yale yale.

Simu ilikuwa na rezo, mtandao wa mistari miwili. Nikampigia.

Alipokea upesi. "Mama? Kuko shida?"

"Hapana, Papa. Sikiliza tu."

Nilinyoosha mkono wenye simu kuelekea majini. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha dume mmoja akaanguruma, ile sauti nene ya kukatika-katika kama mzee anayecheka peke yake, wengine wakamwitikia, mmoja baada ya mwingine, mpaka ziwa lote likawa linaongea. Watu wa kikundi walishangilia. Nikarudisha simu sikioni.

"Umesikia, Papa?"

Nilisikia anavyopumua.

"Papa?"

"Yesu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka na nusu sijasikia hii sauti."

Mimi ni mtu wa kuwaza. Huwaza neno la Patroni la asubuhi mpaka jioni. Huwaza kwa nini mtu amenisalimia kwa mkono mmoja. Na bado ilinichukua muda kuelewa nilichosikia.

"Mwaka na nusu namna gani? Si ulisema moja alipita ku mulango? Juzi-juzi tu?"

Honi ya pikipiki. Halafu nyingine, na nyingine tena, honi nyingi za mji mkubwa.

"Niko Butembo, mama," alisema baba.

Alinieleza yote kwa dakika chache, haraka, kama mtoto anayeungama. Mguu wake ulivimba, na kule kijijini dawa ziliisha, na siku zile hata kwenda kwenye maji kulikuwa na hofu ya watu wenye silaha. Rafiki zake walimweka ndani ya mtumbwi, wakamvusha ziwa hadi kijiji cha Kyavinyonge, na kutoka huko akapandishwa mlimani hadi Butembo. Sasa alikaa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kila Jumapili alipoongea nami alikuwa ameketi kitandani. Viboko aliokuwa akinisimulia aliwatoa kichwani.

Nilikumbuka kikohozi. Nilikumbuka kwaya ambayo haikukosa Jumapili hata moja. Zaidi ya yote nilikumbuka jaketi. Miezi mingi nyuma aliomba dada yangu amtumie jaketi nzito, na mimi nilitumia juma zima kuwaza kama kahawia itampendeza. Sikuwaza hata mara moja ni nani anayevaa jaketi Vitshumbi, mahali ambapo watu hulala milango wazi kwa joto. Butembo ndiko kuna baridi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Njia imefungwa. Ungekaa tu unawaza. Nakujua."

Rezo ilikatika. Nilimpigia dada yangu pale pale, na alipokea katikati ya kelele za soko.

"Ulijua Papa iko Butembo?"

Alimwambia mteja angoje. "Nilijua," alisema. "Alinikataza. Wewe, wakati ule, ulikuwa unangoja jibu ya ile kazi ya kwanza, hukulala mwezi. Nani angekuongezea?"

Sikuweza kumkasirikia vizuri. Kwetu ndivyo tunavyofanya tangu njia zilipokatika: mtu wa mbali haambiwi ugonjwa mpaka mgonjwa apone. Kwenye simu wote tuko muzuri. Mimi mwenyewe nilimwambia baba niko muzuri siku ambayo nyumba yetu haikuwa na maji wala moto, na mizinga ilikuwa inasikika, na nilikuwa chini ya kitanda. Tulikuwa tumetunzana hivyo kwa miaka mitatu, kila mmoja akimfichia mwenzake, na sasa nilikuwa kando ya ziwa la watu wengine na sikujua baba yangu anaishi namna gani.

Gari lilipoondoka, mama wa Birere alinipa leso bila kunitazama. Alikuwa amesikia, kila mtu alikuwa amesikia.

"Mama yangu mimi iko Beni," alisema baadaye. "Namwambia biashara inaenda. Depo yangu iliungua." Alijikuna shingo. "Naye ananiambia anatembea muzuri. Mutu wa miaka themanini na mbili, anatembea muzuri kila siku!"

Sote wawili tulicheka kidogo, vibaya.

"Lakini nguo zangu zinafika kwake," aliendelea. "Zinapita Kigali, zinapita Uganda, zinaingia mpaka wa Kasindi, zinapanda Butembo, zinafika Beni. Siku mbili, tatu. Balo ya nguo haina akili, na inafika."

"Ile njia ya Kasindi ni mubaya."

"Ni mubaya," alikubali. "Batu banapita."

Sikumbuki tena wanyama wa alasiri ile. Wenzangu wanasema tulimwona faru.

Jumapili, njiani kurudi, nilifungua daftari nikajaribu kuandika. Upande mmoja niliweka sababu za kurudi Goma: majaribio ya kazi, yaliyobakiza wiki mbili, njia, hofu, baba mwenyewe, ambaye angekataa. Upande wa pili, wa kwenda Butembo, niliandika *mguu*. Nilitafuta neno lingine la kuongeza chini yake. Tangu mayai ya asubuhi mpaka tulipoona nyumba za kwanza za Kigali nililitafuta, na kila nililopata lilikuwa lile lile kwa namna nyingine. Kisha nikaelewa jambo lililonichoma: baba na dada walinificha kwa sababu walijua nitakaa nikiwaza. Kama ningerudi Goma nikaendelea kuwaza, wangekuwa na haki ya kunificha tena.

Dereva alisimama Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, watu wanyooshe miguu. Nilimkuta Patroni akinunua ndizi.

"Patroni, sirudi nanyi. Naenda Butembo."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Aliziweka ndizi chini ya kwapa. "Kupitia Uganda? Peke yako?"

"Ndiyo."

"Na karatasi yangu?"

"Nitaiandika njiani. Nitaituma kwa simu."

"Majaribio haisimamishwi, unajua. Kuko batu batatu banataka ile kiti."

"Najua, Patroni."

Alinitazama kwa uso wake wa kazi, ule anaomtazamia mteja aliyechelewa. Kisha akafungua mfuko, akapekua pasipoti zote, akanipa yangu.

"Papa yako?"

"Papa yangu."

"Shusha begi yako, basi. Unachelewesha batu."

Dereva alipanda juu ya gari na kushusha begi langu. Mama wa Birere alinisindikiza mpaka dirisha la tikiti, akichechemea kwa viatu vyake vyeupe, akinifundisha njia yote kwa pumzi moja: nishuke Mbarara, niulize gari za Kasese, nilale Kasese, nisivuke Kasindi jioni hata mtu akiniapia, mpakani niseme naenda kwa mzazi kwa sababu ndiyo kweli. Aliandika nambari ya mteja wake wa Butembo nyuma ya daftari langu. Halafu akaitwa, gari lao likapiga honi, na akaondoka bila kuniaga vizuri.

Basi lilikuwa limejaa. Nilipata kiti cha katikati, kati ya mwanamume aliyebeba redio na mwanamke mwenye mtoto amelala. Niliwaza juu ya breki. Niliwaza kwamba huenda baba ameshahama hata chumba kile, kwamba jina langu kwenye pasipoti limeandikwa kwa herufi moja tofauti na cheti cha kuzaliwa, kwamba bado naweza kushuka, mlango uko wazi, kikundi hakijafika mbali. Kondakta alifunga mlango.

Nilimpigia baba basi likiwa linatoka kituoni.

"Papa, nipe jina la ile kanisa."

"Kanisa gani?"

"Yenye iko mbele ya chumba yako. Kesho kutwa nitauliza njia."

Alielewa mara moja. "Hapana, mama. Usikuye. Njia ni mubaya, na mimi niko muzuri, mguu iko napona, ata jana nilitembea..."

"Papa," nilimwambia, "nimeshapanda. Nipe jina."